Mtalii wa meli akizama ziwani, nani atawajibika?

MAKWASINYI, Voi

KIJIJI cha Makwasinyi hakina bandari, hakina ziwa, wala hakina mto unaotiririka mwaka mzima. Kimekaa chini ya Mlima Kasigau, kusini mashariki mwa mji wa Voi, katika nyika ambako ndoo ya maji ni mali na ambako binadamu na tembo huyawania maji yale yale wakati wa kiangazi.

Hata hivyo, wakazi wa kijiji hiki wana kila sababu ya kufuatilia jinsi abiria wa meli za kitalii zinazotia nanga Mombasa wanavyopelekwa kuogelea, kupanda boti na kutembea kandokando ya maji yenye mamba na viboko. Ajali moja tu ya aina hiyo inaweza kufunga mlango ambao Makwasinyi na vijiji jirani vimekuwa vikiusukuma kwa zaidi ya miaka 20.

Vijiji vitano vinavyouzunguka Mlima Kasigau, yaani Makwasinyi, Rukanga, Jora, Bungule na Kiteghe, vilijenga vibanda vya kulaza wageni ili navyo vipate sehemu ya mapato ya utalii ambayo kwa miongo mingi yaliishia Nairobi, Mombasa na ng'ambo. Wanawake husuka vikapu, vijana huwaongoza wageni kupanda mlima huo wenye urefu wa mita 1,641, na wazee huwasimulia historia ya eneo lao.

Mapato hayo si makubwa, lakini ni ya uhakika kuliko mahindi yanayokaushwa na jua au kuvunjwa na tembo. Yanategemea jambo moja: mgeni aamini kuwa akiingia Taita Taveta atatoka salama.

Swali ambalo halijajibiwa ipasavyo ni hili: abiria wa meli akishuka gatini Mombasa, akasafirishwa hadi bara, kisha akafa maji au akashambuliwa na mnyama, ni nani hasa aliyekuwa na jukumu la kumlinda?

Saa chache za kukimbizana

Ili kuelewa uzito wa swali hilo, ni muhimu kutazama jinsi siku ya abiria wa meli inavyopangwa. Meli huingia bandarini alfajiri na mara nyingi huondoka jioni ya siku hiyo hiyo au kesho yake. Katika muda huo abiria hutaka kuona kila kitu: Fort Jesus, fukwe, matumbawe na, zaidi ya yote, wanyamapori.

Mbuga iliyo karibu na inayojulikana zaidi ni Tsavo. Kutoka Mombasa hadi Voi, penye lango kuu la Tsavo Mashariki, ni takriban kilomita 160 kwa barabara kuu ya Nairobi, ambayo malori huijaza usiku na mchana. Kwenda na kurudi peke yake humaliza zaidi ya nusu ya siku.

Kuna tofauti ambayo abiria wengi hawaijui hadi inapowagusa. Aliyenunua matembezi kupitia meli yenyewe husubiriwa akichelewa, lakini aliyejipangia mwenyewe na wakala wa mjini anaweza kuachwa gatini. Kwa sababu hiyo dereva, mwongoza wageni na nahodha wa boti wote hufanya kazi wakiwa na jicho moja kwenye saa.

Haraka hiyo ni adui wa usalama. Mwezi Machi 2006, abiria 12 wa meli ya Celebrity Millennium waliuawa kaskazini mwa Chile basi lao lilipotumbukia bondeni wakirejea bandarini kutoka mbuga ya milimani. Matembezi hayo yalikuwa yamepangwa nje ya meli.

Pia umri ni jambo la kuzingatiwa. Wengi wa wanaosafiri kwa meli za masafa marefu ni watu waliostaafu. Mtu wa miaka 70 anayevaa miwani na mrija kutazama samaki anaweza kuzidiwa na moyo bila kupiga kelele wala kurusha mikono, na walio karibu naye wakadhani anafurahia mandhari. Mwokoaji asiyejua dalili hizo hatamfikia kwa wakati.

Maji ya Taita Taveta

Kaunti ya Taita Taveta hutajwa kama nchi kame, na sehemu kubwa ndivyo ilivyo. Lakini ndiyo yenye Chemchemi za Mzima, ndani ya Tsavo Magharibi, ambako maji yaliyochujwa na mawe ya volkano ya Milima ya Chyulu huibuka safi na kupelekwa Mombasa kwa bomba. Wageni huingia katika chumba kilichojengwa chini ya maji wakatazama samaki na, wakibahatika, viboko.

Upande wa Tsavo Mashariki, mito Athi na Tsavo huungana na kuwa Galana. Maporomoko ya Lugard ni kivutio cha siku nyingi, na sehemu iliyo karibu nayo huitwa kwa jina la mamba kwa sababu ndio wenyeji wake. Mawe ya hapo yamelainishwa na maji na huteleza.

Magharibi zaidi, mpakani na Tanzania, yapo maziwa mawili. Jipe ni la kina kifupi, lenye matete, viboko na mitumbwi ya wavuvi. Chala ni shimo la volkano lililojaa maji ya rangi ya samawati, lenye kuta za mwinuko mkali na kina kinachozidi mita 90.

Uzuri wa Ziwa Chala ndio hatari yake. Maji yake ni maangavu kiasi kwamba mgeni anayetoka nchi ya baridi huona bwawa la kuogelea. Wahenga walisema maji usiyoyafika hujui wingi wake, na usemi huo unafaa kuandikwa kwenye kila njia inayoteremka ziwani humo.

Mwezi Machi 2002, msichana Mwingereza mwenye umri wa miaka 18, aliyekuwa Kenya kwa shughuli za kujitolea kabla ya kuingia chuo kikuu, aliuawa na mamba alipokuwa akiogelea Chala. Hakuwa abiria wa meli, lakini kifo chake kilitangazwa kote Uingereza. Mwaka 2018, mtalii kutoka Taiwan aliuawa na kiboko kando ya Ziwa Naivasha alipokuwa akipiga picha. Huyu hakuwa hata ndani ya maji.

Visa hivyo viwili vinaonyesha mahali ambapo mpango wa usalama hulegea. Boti ina nahodha, ina namba na inaweza kukaguliwa. Ukingo wa maji hauna nahodha. Mtu akishuka garini, akavua viatu na kuingia majini, hakuna cheti kinachomzuia isipokuwa neno la mwenyeji aliye kando yake.

Ni kweli kwamba meli nyingi hazikai bandarini muda wa kutosha kumfikisha abiria Chala na kumrudisha. Safari nyingi za siku moja huishia Tsavo Mashariki. Lakini barabara ya lami ya Voi hadi Taveta imefupisha mwendo, na abiria wanaoanza au kumalizia safari zao Mombasa huweza kuongeza siku mbili au tatu bara. Hao ndio ambao kaunti inawataka, na hao ndio watakaofika majini.

Sheria nyingi, mwenye jukumu haonekani

Mtalii akiwa melini analindwa na sheria zinazoeleweka. Mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini wa 1974 unaeleza idadi ya mashua za kuokolea, mazoezi ya dharura na hata upana wa njia za kutokea. Mkataba wa Athens wa mwaka huo huo unaeleza wajibu wa mwenye meli kwa abiria wake katika nchi zilizouridhia.

Lakini Mkataba wa Athens una mpaka wake. Hauhesabu kuwa safari muda ambao abiria yuko gatini, katika kituo cha abiria au sehemu nyingine ya bandari. Kwa maneno mengine, akikanyaga Mombasa ameshatoka katika mwavuli huo, sembuse akifika Voi.

Tikiti anayotia saini nayo husisitiza jambo hilo. Kampuni kubwa za meli huandika kwamba waendeshaji wa matembezi ya nchi kavu ni wakandarasi huru na kwamba meli haiwajibiki kwa makosa yao. Zile zenye makao Florida huelekeza kesi zipelekwe huko, tena mara nyingi ndani ya mwaka mmoja. Njia inayobaki kwa mlalamishi ni kuthibitisha kuwa meli ilimchagua mwendeshaji bila uangalifu au ilimfanya abiria aamini kuwa mwendeshaji huyo ni sehemu ya meli.

Nchini Kenya, taasisi si haba. Mamlaka ya Usafiri wa Majini (KMA), iliyoanzishwa 2004, husimamia usalama wa vyombo. Kituo cha kuratibu uokoaji baharini kilifunguliwa Mombasa 2006. Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) husimamia mbuga za nchi kavu na za baharini. Mamlaka ya Kudhibiti Utalii ilizaliwa na Sheria ya Utalii ya 2011 ili kutoa leseni kwa biashara za sekta hiyo. Kikosi cha Walinzi wa Pwani kiliundwa kwa sheria ya 2018. Serikali za kaunti nazo zina idara za utalii na za kukabiliana na majanga.

Kila moja ina kipande chake. Mmoja hutazama boti, mwingine mnyama, mwingine leseni ya kampuni, mwingine lango la mbuga. Abiria, kwa upande wake, hupita katika vipande vyote kwa siku moja, na katikati ya kipande na kipande ndipo pengo lilipo.

Chukua mfano wa Ziwa Chala. Lipo nje ya mbuga ya Tsavo Magharibi, hivyo mgeni hapiti lango lenye askari wa wanyamapori. Asipopanda boti, sheria ya vyombo haimgusi. Kampuni iliyomleta ina leseni ya kusafirisha watalii, lakini leseni ya gari haisemi lolote kuhusu kuogelea. Anayebaki ni kijana wa kijiji anayeulizwa, "Hapa ni salama?" Jibu lake ndilo sheria.

Kijana huyo hapaswi kulaumiwa. Pengine ameogelea hapo tangu utotoni, na pengine anajua kuwa akisema hapana mgeni ataondoka na ujira wake.

Funzo la Whakaari

Wanaodhani jambo hili ni la kinadharia watazame New Zealand. Tarehe 9 Desemba 2019, mlima wa volkano wa kisiwa cha Whakaari, kinachojulikana pia kama White Island, ulilipuka watu 47 wakiwa juu yake. Watu 22 walipoteza maisha. Kati ya wale 47, 38 walikuwa wamekuja na meli moja ya kitalii, Ovation of the Seas.

Safari yao ilifanana mno na ile ya Mombasa hadi bara. Meli ilitia nanga katika bandari ya Tauranga, abiria wakapakiwa kwenye mabasi hadi mji wa Whakatane, kisha wakapanda boti kwenda kisiwani, wakitarajiwa kurejea kabla ya meli kung'oa nanga. Katika mnyororo huo kulikuwa na kampuni ya meli, mawakala wa nchi kavu, mwendeshaji wa boti, wamiliki wa kisiwa na mashirika ya serikali.

Baada ya msiba, watu na mashirika 13 walishtakiwa na idara ya usalama kazini ya nchi hiyo. Kampuni ya meli haikuwa miongoni mwao, ingawa ilikabiliwa na madai ya waathiriwa katika mahakama za ng'ambo. Mwaka 2023 mashtaka dhidi ya kampuni mbili za uwakala yalitupiliwa mbali. Wamiliki wa kisiwa walipatikana na hatia mwaka huo, lakini Februari 2025 Mahakama Kuu ilibatilisha hukumu hiyo ikisema kuwa kuruhusu watu kuingia kwenye ardhi si sawa na kusimamia shughuli inayofanyika humo.

Nani alibaki? White Island Tours, kampuni ya boti iliyokuwa ikimilikiwa na jamii ya wenyeji wa Kimaori wa eneo hilo, Ngati Awa, ilikiri kosa na Machi 2024 ikaamriwa kulipa fidia ya mamilioni ya dola. Mahakama ilielezwa kuwa kampuni hiyo haina mali ya kulipia.

Ni kweli kampuni hiyo ilikuwa na makosa yake, na waliofiwa walistahili haki. Lakini mtiririko wa mambo ni wa kutafakariwa Kasigau, Taveta na Wasini. Faida ya safari iligawanywa kwa wengi, huku sehemu kubwa ya mzigo ikimwangukia aliyekuwa mwisho wa mnyororo, karibu kabisa na maji.

Bima kama lango

Kampuni za meli zimejifunza kutokana na misiba ya namna hiyo. Kabla ya kuuza matembezi, humtaka mwendeshaji wa nchi kavu awe na bima kubwa ya dhima, rekodi za ukaguzi na mkataba wa kuikinga meli dhidi ya madai. Masharti hayo yana mantiki, lakini athari zake vijijini hazizungumzwi.

Kikundi cha wanawake wa Makwasinyi au chama cha wavuvi wa Jipe hakiwezi kununua bima ya mamilioni ya dola. Kampuni kubwa ya Mombasa au Nairobi inaweza. Hivyo kandarasi huenda kwa kampuni kubwa, nayo hukodi gari, boti na mwongozaji wa kienyeji kwa makubaliano ya mdomo. Mwenyeji hupata ujira wa siku, huku hatari ikimfuata bila bima yoyote.

Hapa ndipo kiini cha suala kilipo. Kenya isipoweka kiwango chake cha usalama wa matembezi ya majini, kitawekwa na kampuni za bima za ng'ambo. Nao, kwa kuwa hawaijui Makwasinyi na Voi, watachagua njia rahisi: kuyaondoa maeneo madogo kwenye orodha.

Pwani ya Kenya imeshaonja jinsi meli zinavyokimbia haraka. Tarehe 5 Novemba 2005, maharamia waliishambulia meli ya Seabourn Spirit karibu na Somalia ilipokuwa njiani kuelekea Mombasa. Meli hiyo iligeuza njia hadi Shelisheli. Uharamia ulipozidi, kampuni nyingi ziliiondoa Mombasa kwenye ratiba, na waliokuwa wakiuza vinyago, kuendesha teksi na kupika katika hoteli wakakosa kazi kwa kosa lililotendeka mbali na maji ya Kenya.

Meli zilianza kurejea kidogo kidogo, na serikali ikajenga kituo kipya cha abiria bandarini kwa ajili yao. Jengo zuri gatini, hata hivyo, halitoshi kama mnyororo unaoanzia hapo unakatikia kwenye ukingo wa ziwa.

Yanayowezekana

Nchi nyingine zimeonyesha kuwa hatua zinaweza kuchukuliwa, ingawa mara nyingi huchukuliwa baada ya mazishi. Uingereza ilipitisha sheria ya leseni za vituo vya michezo ya hatari kwa vijana mwaka 1995, miaka miwili baada ya wanafunzi wanne kufa maji katika Ghuba ya Lyme wakiwa kwenye mitumbwi. Florida ilidhibiti mchezo wa kuvutwa angani kwa mwavuli nyuma ya boti mwaka 2014, ikaweka kipimo cha upepo ambacho kikipitwa mchezo husimamishwa, na ikamlazimu mwendeshaji kuwa na bima.

New Zealand yenyewe ilikuwa na kanuni za shughuli za hatari tangu 2011, na bado Whakaari ikatokea. Mwaka 2024 ilizikaza, ikamtaka mwendeshaji kumweleza mgeni hatari za asili waziwazi kabla ya kuanza safari. Funzo lake ni kwamba cheti ukutani hakitoshi. Lazima mgeni aambiwe, na lazima pawepo mtu mwenye mamlaka ya kusema safari imeahirishwa.

Kwa Taita Taveta, hatua ya kwanza haihitaji fedha nyingi: kila eneo la maji linalotembelewa liwe na msimamizi mmoja anayejulikana kwa jina la ofisi. Iwe ni KWS, kaunti au chama cha jamii, mtu mmoja awe na neno la mwisho kuhusu kuogelea, boti na saa ya kufunga. Mabango ya onyo yawe kwa lugha za wageni na kwa Kiswahili, kwa kuwa watoto wa shule kutoka Voi na Mwatate nao hutembezwa huko.

Hatua ya pili ni orodha ya abiria. Wanaoingia kwenye boti wahesabiwe wanapoondoka na wanaporudi, na nakala ibaki nchi kavu. Jaketi okozi zivaliwe, zisikaliwe kama mito. Nahodha wa boti ya wageni awe amefunzwa na kupewa cheti, na boti yake ikaguliwe kabla ya msimu wa meli, sio baada ya malalamiko.

Ya tatu ni uokoaji. Mwezi Septemba 2019, gari lilipoteleza kutoka kwenye feri ya Likoni na kutumbukia na mama na mtoto wake, ilichukua siku 13 kuwapata, tena katika mlango wa bandari kuu ya nchi, mbele ya kambi ya wanamaji. Kama ilikuwa hivyo Likoni, hali itakuwaje katika Ziwa Chala lenye kuta za mawe, lililo mbali na wapiga mbizi wote wa serikali? Vijana wachache wa Taveta waliofunzwa kuogelea na kuokoa, wakapewa kamba, maboya na redio, wana thamani kubwa kuliko kikosi kinachofika kesho yake.

Ya nne ni bima ya pamoja. Vikundi vya jamii vikiunganishwa chini ya mwavuli wa kaunti, vikakaguliwa kwa kiwango kimoja, vinaweza kununua bima ambayo kimoja kimoja haviwezi. Eneo la Kasigau lina uzoefu wa kushirikiana. Mradi wa kuuza hewa ya kaboni kutokana na uhifadhi wa misitu wa Kasigau ulikuwa wa kwanza wa aina yake duniani kutoa hati zilizoidhinishwa chini ya kiwango cha VCS, mwaka 2011. Jamii iliyoweza kukubaliana kuhusu miti na hewa haiwezi kushindwa kukubaliana kuhusu boti na maboya.

Ya tano ni mkataba ulioandikwa. Kampuni ya Mombasa inayomleta mgeni isiruhusiwe kumtumia mwongozaji wa kijiji bila karatasi inayosema nani analipa bima, nani anaamua kuhusu hali ya hewa na nani anagharamia hospitali. Kutoka ukingo wa Galana hadi Hospitali ya Rufaa ya Moi mjini Voi ni mwendo wa njia mbovu, na si wakati wa majeruhi kuvuja damu ndipo watu waanze kuulizana nani ana mafuta ya gari.

Maisha ya nani?

Wapo watakaosema haya ni masharti ya kuwafurahisha Wazungu, na kwamba yatawanyima riziki wenye mashua ndogo. Hoja hiyo haifai kupuuzwa. Sheria isiyozingatia uwezo wa mvuvi huishia kumfanya atoe hongo badala ya kununua jaketi.

Lakini hoja hiyo husahau kuwa wanaokufa zaidi kwenye maji ya Kenya si watalii. Tarehe 29 Aprili 1994, feri ya Mtongwe ilipinduka na kuua watu 272 waliokuwa wakienda kazini. Hakukuwa na meli ya kitalii katika msiba huo. Kila mwaka wavuvi na wanafunzi huzama katika maziwa, mito na mabwawa, na habari zao huishia katika aya mbili gazetini.

Sheria ya Wanyamapori ya 2013 imeweka fidia ya Sh5 milioni kwa anayeuawa na mnyama, mamba na kiboko wakiwemo. Familia nyingi katika kaunti hii zinajua umbali uliopo kati ya fungu la sheria na fedha mkononi. Kwao, kuzuia kifo ni bora mara elfu kuliko kudai fidia yake.

Kwa hiyo boti iliyokaguliwa kwa ajili ya abiria wa meli itambeba pia mwalimu wa Jipe. Mwokoaji aliyefunzwa kwa ajili ya mgeni wa siku moja atakuwepo siku 364 nyingine kwa ajili ya mtoto wa Taveta. Usalama wa mtalii na wa mwenyeji ni kitu kimoja, na kuutenganisha ndiko kulikofanya mambo yalegee kwa muda mrefu.

Msimu wa kaskazi, bahari inapotulia, ndio wakati mzuri wa meli kuja. Kati ya kung'oka kwa meli ya mwisho na kuingia kwa ya kwanza ya msimu unaofuata, ipo miezi kadhaa ya kutosha kwa KMA, KWS, kaunti na kampuni za utalii kuketi meza moja na kuandika jina la msimamizi mbele ya kila ziwa, kila chemchemi na kila gati.

Wasipofanya hivyo, jina litaandikwa siku ya msiba, na yaelekea litakuwa la kijana aliyeulizwa kama maji ni salama. Makwasinyi, isiyo na ziwa, itasubiri wageni ambao hawatakuja.